Kanuni ya theluthi: weka jicho kwenye mstari, si mwili wote

Gridi ya kamera ina mistari minne: miwili ya wima na miwili ya mlalo. Inagawa fremu vipande tisa sawa, na pale inapokatana unapata pointi nne. Kanuni ya theluthi ni kuweka kitu muhimu kwenye mistari au pointi hizo.

1. Washa gridi kwenye mipangilio ya kamera. Kama kuna kipima usawa, kiwashe pia; upeo wa macho ukiinama, theluthi haiuokoi.

2. Chagua kitu kimoja tu cha kuweka kwenye pointi. Kwa mtu, kitu hicho ni jicho lililo karibu na kamera. Wengi hulenga pua au kidevu, kichwa kikapanda na nywele zikagusa ukingo wa juu.

3. Acha nafasi upande anaotazama. Akitazama kulia, mweke kwenye mstari wa kushoto. Ukigeuza, anaonekana kama uso wake umegandamizwa ukutani. Kwenye video, mtu anayetembea pia apewe nafasi mbele yake.

4. Mandhari: mawingu yakiwa mazuri, shusha upeo kwenye mstari wa chini. Anga likiwa tupu, upandishe.

5. Sogeza alama ya fokasi (mahali kamera inapoweka ukali) hadi kwenye jicho. Kwa simu, gusa jicho. Usifokasi katikati kisha ukageuza kamera. Kwa f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) na mtu akiwa karibu, kugeuza kidogo kunapeleka fokasi nyuma ya jicho: sikio linatoka kali, jicho limefifia.

Maswali ya wanachama

Swali: Nilifuata gridi vizuri, lakini nilipoikata picha iwe 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) jicho likahama. Nimekosea wapi?

Jibu: Ulipiga kwa 4:3, na gridi ilikuwa ya umbo hilo. Chukua picha ya pikseli 4000 × 3000. Ikikatwa inabaki 4000 × 2250, yaani 375 zimetoka juu na 375 chini. Jicho lililokuwa pikseli 1000 kutoka juu sasa liko 625, wakati mstari mpya uko 750. Pandisha kisanduku cha kukatia kwa pikseli 125, jicho litarudi mahali pake. Ukijua mapema kwamba picha ni ya 16:9, badilisha umbo kwenye kamera kabla ya kupiga.

Swali: Mkuu, anayezungumza na kamera moja kwa moja naye akae pembeni?

Jibu: Si lazima. Katikati panamfaa, ila macho yabaki kwenye mstari wa juu. Kwa video ya 1920 × 1080 ni pikseli 360 kutoka juu. Msogeze pembeni pale tu utakapoweka maandishi kando yake.

Swali: Na mahojiano ya watu wawili, kila mmoja na shoti yake?

Jibu: Mmoja mstari wa kushoto akitazama kulia, mwenzake mstari wa kulia akitazama kushoto. Kamera zote zibaki upande uleule wa mstari unaowaunganisha watu hao wawili. Ukivuka upande wa pili, kwenye uhariri wote wawili watatazama upande uleule, kana kwamba wanazungumza na mtu wa tatu.