Pasha resini yenye kijazo kabla ya kuitia kigumishi

Unapotaka kumimina kwenye kalibu resini ya epoksi, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikichanganywa na kigumishi, iliyojazwa unga wa silika, usikimbilie kuiongezea kiyeyusho ili iwe nyepesi, kwa sababu kiyeyusho hicho hunaswa ndani resini inapoganda, kikaacha vitundu na kudhoofisha umbo zima. Ni bora zaidi kuipasha resini pamoja na unga wake, ambao uwe umekaushwa vizuri, hadi nyuzi 40 au 50 za Selsiasi, kwani mnato hupungua sana na mapovu ya hewa hupanda juu kwa urahisi. Ikoroge tena kabla ya kuendelea, maana unga huzama upesi katika resini yenye joto. Kigumishi kitiwe mwishoni, nacho kipimwe kwa uzito wa resini peke yake bila kuhesabu unga. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika kuliko kwingineko. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha mmenyuko wa resini na kigumishi takriban mara mbili, kwa hiyo kalibu iwe tayari imepashwa moto. Mchanganyiko ukianza kuvutika kama ulimbo, usiulazimishe kuingia, kwa kuwa hautajaza pembe.