Kabla hujalipia ada ya BBA ya mtandaoni

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue laptopu gani. Hilo liache mwisho. Anza na BBA yenyewe, yaani shahada ya kwanza ya utawala wa biashara: ukishaipata, nani ataitambua?

Kwa Tanzania, wa kuulizwa ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya ni CUE, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakina utata, na Kenya nao wamepata chuo huria chao mwaka 2023. Utata uko kwenye vyuo vya nje vinavyokufuata Instagram na punguzo la "leo tu". Kuna vinavyojigamba kuwa na ithibati, ukichunguza unakuta aliyeitoa hatambuliwi na serikali yoyote. Tafuta jina la chuo wewe mwenyewe, usitegemee kiungo alichokutumia wakala. Na ukiahidiwa shahada kwa miezi michache eti kwa sababu una uzoefu wa kazi, hiyo ni biashara ya karatasi.

Vyeti navyo vikague mapema. Kama cha kuzaliwa kinasema Mwajuma na cha kidato cha nne Mwanajuma, shughulikia kiapo kwa wakili sasa, si wiki ya mwisho ya udahili.

Halafu kuna hesabu. Watu huchagua utawala wa biashara wakidhani wanakimbia hesabu, kumbe uhasibu, takwimu na uchumi vinawasubiri mapema tu. Jipime: umenunua mifuko miwili ya sukari ya kuuza dukani kwako, kwa mkopo. Unadebiti nini, unakrediti nani? Manunuzi yanadebitiwa, msambazaji anakreditiwa, na akaunti ya fedha taslimu haiguswi hadi siku utakayomlipa. Kama umebabaika, usikate tamaa. Azima kitabu cha sekondari cha utunzaji wa hesabu (bookkeeping) ukipitie kabla muhula haujaanza. Darasani ungemnong'oneza jirani akueleweshe. Mhadhara uliorekodiwa hausikii ukiguna.

Muda ndio unaowaangusha walioajiriwa. Omba ratiba ya muhula kabla ya kulipa, maana hata chuo cha masafa kinaweza kukuita kituoni ufanye mtihani ana kwa ana, na bosi anataka kujua mapema. Ukisoma chuo cha Marekani, angalia saa ya mwisho ya kukusanya kazi: saa sita usiku ya New York ni saa mbili asubuhi Dar es Salaam, au saa moja wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Uko kwenye daladala, na mfumo unafunga kupokea kazi.

Uliza pia ada kamili kwa maandishi, pamoja na usajili, mitihani na gharama ya kurudia somo. Bei ya tangazoni mara nyingi ni ya masomo tu.

Sasa laptopu. Simu inatosha kusomea na kutazama mihadhara, ila jedwali la Excel lenye safu ishirini litakutoa machozi. Iliyotumika inafaa, mradi betri yake ihimili umeme ukikatika.