Kuongeza kasi ya RAM: namba ya kibandiko na mapigo yake halisi

Umenunua RAM Darajani, kibandiko kinasema DDR4-3200, ukifungua programu ya CPU-Z unaona 1600. Usirudi dukani kugomba. Hiyo 1600 ni mapigo halisi kwa megahezi, na DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo. Ukiona 1200 au 1066, basi XMP, yaani mpangilio wa kasi aliouweka mtengenezaji wa RAM, haijawashwa.

Mapigo yote huanzia kwenye pigo la msingi, BCLK, megahezi 100. Prosesa huizidisha: 100 mara 36 ni 3600. Ukipeleka BCLK 103 umepandisha prosesa na RAM kwa pamoja, na kwenye baadhi ya mazabodi hata PCIe, njia ya kadi ya picha. Kompyuta ikiyumba hutamjua mchawi. Iache 100.

Kwa prosesa za AMD Ryzen 3000 na 5000 kuna FCLK, mapigo ya njia ya ndani ya prosesa. Iwe nusu ya namba ya kibandiko: RAM 3600, FCLK 1800. Nyingi hukwama karibu na 1900, na uwiano huo ukivunjika, RAM ya 4000 huweza kuchelewa kuliko ya 3600. Upande wa Intel, mazabodi za B460 na H410 hazikuruhusu RAM kuvuka kikomo cha kasi cha prosesa, kwa hiyo usijisumbue.

Kabla ya kulipia namba kubwa, piga hesabu ya ucheleweshaji: CL (idadi ya mapigo RAM inayosubiri kabla ya kutoa data) mara 2000, gawa kwa kasi. 3200 CL16 ni nanosekunde 10. 3600 CL18 nayo ni 10. Kinachoongezeka ni wingi wa data tu.

Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kompyuta inapowaka), washa XMP, hakikisha volti ni 1.35. Kisha panda ngazi moja moja, kila ngazi pima RAM kwa programu ya MemTest86 duru nne. Kosa moja tu, shuka. Pima adhuhuri ya kaskazi, kiyoyozi kimezimwa: chembe za RAM zikipata joto huvuja chaji upesi, na iliyofaulu usiku wa kipupwe huanguka Februari.

Kioo kikibaki cheusi, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 ya mazabodi dakika tano ili BIOS isahau mipangilio, rudisha. Bado? Chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi la raba, ichomeke mpaka vibanio vilie. Kwa nyumba za pwani, chumvi ya hewani nayo ni ya kushukiwa, lakini kama jana tu ulikuwa ukichezea BIOS, shuku mipangilio yake mwanzo.