Jinsi ya kuchagua umbo la mtutu kwa bunduki yako ya kwanza ya shabaha za mbali

"Mjomba, si mtutu mnene ndio unaolenga vizuri?" Kijana wa Nyegezi aliniuliza hivyo mwezi uliopita, hata chai niliyomkaribisha hajaigusa. Alikuwa na orodha ya bei mkononi na tayari ameuzungushia kalamu mtutu mnene kuliko yote. Nikamwambia aweke karatasi chini twende tukapime vitu. Haya ndiyo tuliyoyafanya siku ile, nayaandika kwa ajili ya mwingine atakayeanza.

Hatua ya 1: Leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi. Anzia polisi, na uagize kupitia muuzaji mwenye kibali tu. Kama hili halijakamilika, usilipe hata shilingi.

Hatua ya 2: Jua unashindana kundi gani. Mimi na kijana tunapiga F-TR, kundi mojawapo la mashindano ya shabaha za mbali: kulala kifudifudi, miguu miwili mbele ya bunduki, kaliba .308 Winchester au .223 Remington. Kikomo cha uzito ni kilo 8.25, na humo mna darubini, miguu ya mbele na kila kilichofungwa kwenye bunduki. F-Open, kundi jingine la mashindano hayohayo, wanaruhusiwa kilo 10. Ukiniuliza mimi, anza na F-TR kwa .308. Itakufundisha kusoma upepo upende usipende.

Hatua ya 3: Pima kila kitu isipokuwa mtutu. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Watu wengi huchagua mtutu kwanza, halafu wakahangaika kuvifanya vingine vyote viutoshee. Geuza. Mtutu uchaguliwe mwisho, kwa uzito uliobaki.

Tumia mizani ya dijitali ya jikoni inayobeba kilo 5. Mizani ya kuning'iniza ya pale mwaloni Kirumba inafaa kwa sangara, lakini sisi tunatafuta gramu. Ihakiki kwanza: pima chupa tupu, ijaze maji lita moja kamili, pima tena. Tofauti iwe gramu 1,000. Ya kijana ilikuwa inapunguza gramu 40, tukaandika pembeni ili tuziongeze.

Tukapima: kitako kilo 2.3, mtambo (sehemu ya kuingizia na kufungia risasi nyuma ya mtutu) pamoja na kifyatulio 1.15, darubini na pete zake 1.2, miguu ya mbele 0.6. Jumla 5.25. Umebaki na kilo 3 kamili. Toa gramu 100 za akiba, maana mizani ya mashindano si yako. Mtutu wako basi usizidi kilo 2.9.

Sasa hesabu ya mtutu. Chukua kipenyo cha nyuma na cha mdomoni kwa sentimita. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, kisha zidisha hivyo viwili kwa pamoja, jumlisha majibu matatu. Zidisha kwa 0.2618, toa 0.47 ya tundu la .308, zidisha kwa urefu, kisha kwa 7.85, ambao ni uzito wa sentimita moja ya ujazo ya chuma kwa gramu. Mtutu wa sentimita 71 unaoanza na milimita 30 na kuishia 23 unakupa kama kilo 2.83. Ule alioupenda kijana, milimita 30 mwanzo hadi mwisho, unafika kilo 3.68. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu akakata ile duara.

Lakini subiri, hesabu hiyo bado inakudanganya. Mtutu hauanzi kupungua palepale nyuma. Kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kuna kipande kinene kilichonyooka, kwa sababu hapo ndipo shinikizo lilipo kubwa kuliko kote. Kikiwa sentimita 8, mtutu uleule unapanda hadi kama kilo 2.92. Gramu 90 hizo mimi sikuzihesabu. Wala sikuihesabu pimamaji ndogo ya darubini, wala bamba la kufungia miguu ya mbele, wala mpira wa begani niliouongeza baadaye. Usiku wa kuamkia mashindano bunduki yangu ilikuwa imezidi kwa gramu 180, na nilikaa saa tano nzima nikitoboa na kukwangua ndani ya kitako kizuri ili niziondoe. Kile kitako hakikurudi kuwa kama zamani. Mwandikie mtengenezaji akupe urefu wa kile kipande kinene na uzito wa mtutu uliokamilika, na usiagize hadi akujibu.

Kijana alikuwa amezidi kwa gramu 20. Tukapunguza urefu hadi sentimita 70, ikakaa sawa.

Hatua ya 4: Punguza urefu kabla ya unene. Ukaidi wa mtutu kupinda hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo: wa milimita 23 ni mgumu kuliko wa milimita 20 kwa karibu asilimia 75. Ukikata sentimita 2.5 za urefu kwenye .308, unapoteza takriban mita 6 hadi 8 kwa sekunde tu. Mimi nitatoa kasi hiyo bila kusita.

Mifereji ya nje ya kupunguza uzito siipendi kwa mtutu wa kwanza. Pesa hiyo nunua risasi.

Hatua ya 5: Joto. Mtutu mnene huchelewa kupata moto, lakini ukishapata huchelewa pia kupoa. Ukipiga risasi 20 mfululizo, hewa ya moto hupanda mbele ya darubini na shabaha huanza kucheza kama mazigazi. Funga utepe mpana wa kitambaa juu ya mtutu. Basi.

Hatua ya 6: Jaribu kwa chuma cha duara. Kabla ya kulipa, nunua duka la vifaa vya ujenzi chuma laini cha duara cha milimita 25, si nondo yenye meno. Kipande cha sentimita 71 kina kama kilo 2.74. Kifunge kwa kamba kwenye kitako, weka darubini na miguu, lala kibarazani ukae nacho nusu saa. Sisi tulilala tukielekea ziwani, tukilenga jiwe moja majini. Kijana akagundua kwamba miguu ya mbele imemkaa karibu mno, akaisogeza vidole vitatu.

Kisha pima kwa vania, kile kipimo cha taya cha milimita, upana wa mfereji wa kitako pale mtutu utakapolala. Kila upande ubaki angalau milimita 2. Mtutu ukishafungwa, pitisha karatasi iliyokunjwa mara mbili chini yake, kutoka mdomoni kurudi nyuma. Ikikwama popote kabla ya kufika kwenye mtambo, kitako kinaugusa, na risasi zitahama kadiri chuma kinavyopata moto. Kwangu mimi karatasi ilikwama upande wa kushoto, upana wa kidole tu, nikapasugua kwa msasa.

Hatua ya 7: Andika oda. Ya kijana ilisomeka hivi: urefu sentimita 70, nyuma milimita 30, kipande kinene sentimita 8, mdomoni milimita 23, bila mifereji, bila nyuzi za skrubu mdomoni, uzito usizidi kilo 2.9. Aliituma Jumatatu kupitia muuzaji wake, na chuma cha duara bado kimefungwa kwenye kitako, kila jioni analala nacho kibarazani.