Kabla ya Mhadhara Kuhusu Asia Chuoni: Mambo ya Kuzingatia kwa Watu wa Moshi

Soma tangazo hadi mstari wa mwisho kabla hujapanga siku yako. Shughuli za vyuo zinazohusu Asia si za aina moja: kuna mhadhara wa profesa mgeni, kuna siku ya utamaduni yenye ngoma, mavazi na chakula, kuna maonyesho ya filamu, na siku hizi kuna mihadhara inayorushwa kwa intaneti mtoa mada akiwa kwao. Angalia kama kuingia ni bure, kama unatakiwa kujiandikisha mapema, na ni lugha gani itatumika. Mihadhara mingi ya vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza hakikupandi vizuri, usibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Uliza waandaaji kama swali linaweza kuulizwa kwa Kiswahili. Mwenye duka, mkulima na fundi cherehani wana nafasi ukumbini sawasawa na mwanafunzi, na inaniuma kuona viti vya nyuma vitupu huku watu wa mjini wakidhani hawakualikwa.

Saa nayo ina mtego wake. Tangazo la Kiingereza likiandika 10:00 asubuhi, hiyo ni saa nne yetu. Kwa mihadhara ya intaneti piga hesabu mara mbili: saa kumi jioni ya Moshi ni saa kumi na mbili na nusu jioni huko Delhi, saa tatu usiku Beijing na saa nne usiku Tokyo. Ndiyo maana mazungumzo na Wajapani mara nyingi huwekwa asubuhi kwetu, na ukichelewa nusu saa huwezi kutegemea mgeni akuongezee muda, kwa kuwa kwake giza linaingia. Jaza chaji na bando mapema, maana umeme hauagi ukiondoka.

Maandalizi makubwa kuliko yote, hata hivyo, ni ya kichwani. Asia ni bara. India peke yake ina watu zaidi ya bilioni 1.4, China vivyo hivyo, na mvuvi wa Japani hana mengi ya kufanana na mkulima wa pamba wa Uzbekistan. Ukienda kusikiliza habari za "Asia" kwa jumla utatoka na jumla hiyohiyo. Chagua nchi au jambo moja, na njia nzuri ya kuchagua ni kuanzia nyumbani.

Shuka hadi Mabogini au Chekereni. Mashamba yale ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi yalijengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, na mbegu iliyotamba pale, IR54, ilitoka katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino. Mavuno yalipopanda, wakulima wa upande wa juu nao wakaingia kwenye mpunga, na maji yanayofika chini yakapungua. Sasa panda mlimani: Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya asili, kuleta maji ya vijito kwenye vihamba, mashamba yao ya nyumbani, karne nyingi kabla ya mradi wowote, na walikuwa na wazee wa kupanga zamu. Kule Bali, Indonesia, kuna vyama vya wakulima vinavyoitwa subak, vinavyogawana maji ya mpunga vikiongozwa na mahekalu ya maji, na mwaka 2012 UNESCO iliyaingiza mandhari yale katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu anayeyajua haya matatu akimkuta ukumbini mtaalamu wa Indonesia, ana swali ambalo hata profesa atalifurahia: kiangazi kikikaza, nani anaamua shamba lipi lisubiri? Na anayefungulia maji usiku kwa siri hufanywaje? Hilo ni swali la mtu wa Moshi, na jibu lake linaweza kurudi naye hadi kwenye kikao cha skimu ya umwagiliaji.

Jambo jingine la kulijua kabla ni la historia. Februari 1963 mji wetu ulipokea mkutano wa tatu wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia, na mvutano kati ya China na Umoja wa Kisovyeti ulijitokeza hapahapa, karibu miaka minane baada ya mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Bandung, Indonesia. Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wapo. Kaa na mmoja wao jioni moja kabla ya mhadhara, umpe shikamoo yake, umuulize mji ulikuwaje siku zile. Msomaji wa Arusha naye ana lake la kuanzia: tanzanaiti ya Mirerani, ambayo kwa miaka mingi imekatwa na kung'arishwa Jaipur, India.

Adabu za ukumbini hazina ugumu. Wachina, Wakorea na Wavietnam hutanguliza jina la ukoo. Katika Xi Jinping, ukoo ni Xi. Wajapani nao hufanya hivyo kwao, ila wakiandika Kiingereza wengine hugeuza, basi uliza tu. Penye chakula, kumbuka kwamba Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, Waislamu watataka halali, na Wajaini wengi hawali hata viazi na vitunguu. Usivisimamishe vijiti vya kulia ndani ya bakuli la wali, kwa Wajapani na Wachina hilo ni la msibani. Ziara ikifika hekaluni, vua viatu. Kwa Makalasinga funika na kichwa. Na tafadhali, jirani yako Mtanzania mwenye asili ya Kihindi usimgeuze msemaji wa India. Huenda babu yake alizaliwa hapahapa, naye amekuja kujifunza kama wewe.

Swali lako liandike kwenye karatasi, liwe sentensi moja au mbili. Habari za ufadhili wa masomo zisubiri hadi kikao kiishe, kwani huwanyima wengine nafasi ya kuuliza kuhusu mada. Uende ukijua majina: ufadhili wa MEXT ni wa serikali ya Japani, wa ICCR ni wa India, na China ina ufadhili wa serikali yake. Uwe na nakala za vyeti na pasi ya kusafiria. Mtu akikuomba hela pembeni ili "akupitishe", ondoka na umtaarifu mwandaaji.

Mwalimu anayepeleka wanafunzi wa sekondari aandike barua chuoni mapema, ataje idadi yao, na aombe wakae pamoja mbele. Awagawie nchi moja moja wazisome wiki nzima kabla. Wavae sare, wabebe vitambulisho kwa ajili ya mlinzi getini, na usafiri wa kurudi ukubaliwe na dereva kabla ya kuondoka shuleni, kwa sababu mihadhara ya jioni huisha daladala zikiwa zimepungua.