Jinsi ya kuhesabu siku za kusubiri kati ya kunyunyizia dawa na kuchuma miraa au muguka

Miraa haipikwi, na aghalabu haioshwi. Huchumwa asubuhi, ikafungwa kwa majani ya mgomba, na kwa kawaida huwa mdomoni mwa mlaji kabla ya saa 48 kwisha, kwa sababu kathinoni, kemikali inayomchangamsha mlaji, huvunjika kadiri majani yanavyonyauka. Mlaji hukaa na tonge shavuni kwa saa nyingi akimeza maji yake. Sukuma wiki au kabeji ingalau hupitia maji na sufuria. Hapa kinachopunguza dawa ni siku zilizopita shambani tu, basi siku hizo zihesabiwe, zisikisiwe.

Utahitaji lebo ya dawa, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, ndoo ya maji safi, daftari, na vitambaa vya rangi mbili vya kufunga kwenye miti.

Hatua ya 1: Soma kiambata amilifu, achana na jina kubwa la mbele

Dawa tatu zenye majina tofauti kwenye rafu ya agroveti zaweza kuwa kitu kimoja. Tafuta kwenye maandishi madogo kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu: dimethoeti, lambda-sihalothrini, imidaklopridi, abamektini na kadhalika, pamoja na gramu kwa lita. Kisha angalia kama dawa hiyo imo kwenye orodha ya bidhaa zilizosajiliwa na PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini Kenya, na kama imesajiliwa kwa zao lako.

Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda isiingie shambani kabisa. Huwezi kuhesabu siku za kitu usichokijua. Uchunguzi wa miraa ya Ethiopia umewahi kukuta DDT, na DDT hukaa udongoni kwa miaka.

Hatua ya 2: Usiazime siku za nyanya

Lebo ikisema "subiri siku 7", siku hizo zilipimwa kwa zao lililotajwa na kwa kipimo kilichoandikwa. Nyanya ni tufe: ina uzito mwingi na ngozi kidogo. Chipukizi la miraa au jani la muguka ni ngozi tupu, kwa hiyo gramu 100 za majani hubeba dawa nyingi kuliko gramu 100 za nyanya hata kama bomba lilikuwa lile lile. Siku za nyanya, kahawa au maharagwe hazihamishiki.

Hatua ya 3: Inakaa juu au inaingia ndani?

Lambda-sihalothrini na deltamethrini hubaki juu ya jani na kunasa kwenye nta yake. Chipukizi lililochomoza baada ya kunyunyizia halikuguswa nazo. Dimethoeti, imidaklopridi, thiamethoksamu na asetamipridi huingia kwenye utomvu, na zile zinazopanda na maji hufuata majani machanga, yaani sehemu ile ile unayouza. Kuosha hakuzitoi, hata kwa chumvi au siki. Hata zile za juu, zikishazama kwenye nta, maji hayazitoi vya kutosha.

Hatua ya 4: Pima majani yako yanabeba dawa kiasi gani

Chuma gramu 100 za vichipukizi visivyo na unyevu, usiku mvua isiwe imenyesha. Chovya kwenye ndoo ya maji matupu, toa, kung'uta mpaka yaache kuchuruzika, pima tena. Tuseme mizani inasoma gramu 112. Gramu 12 zilizoongezeka ni mililita 12 za maji, kwa hiyo kilo moja ya majani hushika mililita 120.

Sasa piga hesabu ya dawa. Dimethoeti ya gramu 400 kwa lita, ikiwekwa mililita 20 kwenye bomba la lita 20, ni gramu 8 za kiambata ndani ya lita 20, yaani miligramu 400 kwa kila lita ya mchanganyiko. Mililita 120 zinabeba miligramu 48. Basi siku ya kunyunyizia, kilo moja ya majani yako ina takribani miligramu 48 za dawa.

Kuchovya hutoa kiwango cha juu, kwa kuwa mnyunyiziaji makini halowanishi jani mpaka lichuruzike. Ila wanyunyiziaji wengi hulowanisha hivyo hivyo, kwa hiyo mimi huacha namba jinsi ilivyo.

Hatua ya 5: Hesabu nusu-maisha

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo soma polepole.

Nusu-maisha ni muda ambao dawa iliyo kwenye jani hupungua kuwa nusu. Haishuki kwa kiasi kilekile kila siku. Inakatwa nusu, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu tena. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba nusu-maisha ya siku 4 maana yake dawa imekwisha siku ya 8. Siku ya 8 imebaki robo.

Kwanza unahitaji kikomo, yaani kiwango cha dawa ambacho majani yakishuka chini yake yanaweza kuchumwa. Pasipokuwa na kikomo rasmi kilichowekwa kwa jani lako na dawa yako, tumia miligramu 0.01 kwa kilo. Ndicho kiwango ambacho Umoja wa Ulaya hutumia pale ambapo hakuna kikomo mahususi, na ni kigezo kizuri kwa kitu kinacholiwa kibichi.

Endelea na mfano wetu. Kata 48 kwa nusu: 24, 12, 6, 3, 1.5, 0.75, 0.38, 0.19, 0.09, 0.05, 0.02, 0.012, 0.006. Umekata mara 13 kabla ya kushuka chini ya 0.01. Dimethoeti kwenye majani mara nyingi huwa na nusu-maisha ya siku 2 hadi 6. Ukichukua 4, ni siku 52. Ukichukua 6, ni siku 78. Anayesubiri siku 14 anachuma majani yenye zaidi ya miligramu 4 kwa kilo, mara 400 na ushei ya kikomo.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita. Ukipunguza dawa kwenye bomba iwe nusu, umeokoa mkato mmoja tu, siku 4 katika 52. Kupunguza kipimo hakukusaidii, na kunakuachia thripsi (wadudu wadogo wanaofyonza majani) waliozoea dawa. Kinachobadilisha mambo ni kiambata chenyewe. Pareto ya asili, ambayo nusu-maisha yake juani ni chini ya siku moja, ikikatwa mara 13 hiyo hiyo inamaliza ndani ya wiki mbili. Abamektini nayo huvunjwa haraka na mwanga ikiwa juu ya jani, ila ile inayopenya ndani hudumu zaidi. Mafuta ya mwarobaini pia ni ya siku chache. Kwa zao linalotafunwa likiwa bichi, mimi sioni sababu ya dimethoeti kuwa shambani hata kidogo, na kuna sababu nyingine zaidi ya siku: ikivunjika kwenye jani sehemu yake hugeuka omethoeti, ambayo ina sumu kali kuliko yenyewe. Ukipima dimethoeti peke yake utadhani imepungua kumbe imebadilika jina.

Kuna mambo matano yanayoharibu hesabu hii.

Namba za nusu-maisha zilizochapishwa kutokana na majaribio ya shambani tayari zina ukuaji wa mmea ndani yake. Chipukizi la gramu 5 likikua hadi gramu 20, dawa ile ile imetandazwa kwenye uzito mara nne, sawa na kukata mara mbili. Usiondoe siku tena kwa sababu ya ukuaji. Utakuwa umehesabu mara mbili.

Ubaridi na ukungu hurefusha kila kitu. Kuanzia Juni hadi Agosti kwenye miinuko ya Nyambene, chukua namba ya juu kabisa ya nusu-maisha, usichukue ya katikati.

Mwisho wa safari huwa wa polepole kuliko mwanzo. Dawa iliyo juu huisha kwanza, iliyozama ndani hubaki. Ndiyo maana mimi huongeza robo ya siku nilizopata. Siku 52 zinakuwa 65.

Kunyunyizia tena kabla ya siku kwisha hulimbikiza. Ukinyunyizia kila baada ya nusu-maisha moja, majani yanayobaki mtini hukaribia kubeba mara mbili ya mnyunyizio mmoja. Siku huhesabiwa kuanzia mnyunyizio wa mwisho, na mkato mmoja unaongezwa.

Na mvua usiihesabu. Ikinyesha kabla dawa haijakauka itaosha nyingi, lakini ikishakauka, hasa ile yenye mafuta, mvua haikupunguzii siku.

Imidaklopridi iliyomwagwa kwenye shina haiingii katika hesabu hii hata kidogo. Udongoni inaweza kukaa miezi mingi, na mzizi unaendelea kuipandisha kila siku. Nusu-maisha ya jani haina maana pale ambapo jani linaongezewa kila asubuhi. Usimwage.

Hatua ya 6: Panga dawa nyuma ya mchumo, si mbele yake

Thripsi na vidukari hupenda chipukizi, kwa hiyo kishawishi ni kunyunyizia pale chipukizi linapopendeza, siku chache kabla ya wachumaji kufika. Geuza. Chuma kwanza, mpaka mti ubaki bila chipukizi la kuuzwa, kisha nyunyizia dawa ya juu ya jani siku hiyo hiyo. Machipukizi mapya yatatoka bila kuguswa. Kama siku zako za Hatua ya 5 zinazidi mzunguko wako wa kuchuma, dawa hiyo si ya shamba hilo. Badilisha dawa, usipunguze siku.

Gawa shamba vipande. Kitambaa chekundu: kumenyunyiziwa. Cheupe: kunachumika. Napendelea vitambaa kuliko programu za simu, maana mchumaji anayefika alfajiri haoni simu yako, anaona mti. Kwenye daftari andika kipande, tarehe, kiambata, mililita kwa bomba, tarehe ya kuchuma.

Jirani akinyunyizia mahindi au kahawa upepo ukielekea kwako, mistari ya mpakani ifungwe chekundu. Bomba lilitumika kwa dawa ya magugu? Suuza mara tatu. Na majani ya mgomba ya kufungia yakatwe mahali ambapo dawa haifiki, kwa sababu hukaa yamegusana na miraa yenye unyevu kwa safari nzima.

Ukishachuma, kusubiri hakusaidii tena. Ndani ya kifurushi chenye giza na ubaridi hakuna jua wala ukuaji, na dawa karibu haipungui.

Hatua ya 7: Thibitisha maabara

Mara moja kwa kila dawa na kila msimu inatosha. KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, lina maabara ya mabaki ya dawa Nairobi. Chuma kilo 1 kutoka sehemu 10 au zaidi za kipande kimoja, siku ile ambayo ungechuma kwa soko. Aliyeshika bomba asiguse sampuli. Weka kwenye mfuko mpya, iweke kwenye ubaridi, ifike ndani ya siku moja, na usiioshe.

Maabara waombe mambo manne kwa maandishi: kipimo cha dawa nyingi kwa pamoja, omethoeti itajwe kando kama kuna hofu ya dimethoeti, uwezo wa kupima hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Na kama umetumia mankozebu, dawa ya ukungu, kipimo chake cha peke yake, kwa kuwa kile cha pamoja hakiioni. Uliza pia kama wamejaribu njia yao kwenye miraa yenyewe. Jani hili lina tanini na alkaloidi nyingi zinazoweza kuficha dawa. Njia inayofaa hurudisha asilimia 70 hadi 120 ya dawa iliyowekwa makusudi kwenye sampuli safi.

Majibu yakizidi kikomo, kipande hicho kibaki na kitambaa chekundu. Gawa namba ya maabara kwa 2 hadi ishuke chini ya 0.01, zidisha mikato kwa nusu-maisha, ongeza robo, uandike tarehe mpya kwenye daftari kabla ya kuwaita wachumaji.