Difu ya nyuma inavuja oili? Kabla hujashika tyubu ya silikoni soma hii

Wakuu, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) ikianza kuvuja wengi wetu tunakimbilia silikoni, tunapaka kwa nje juu ya ule unyevu, tunasema imeisha. Hilux yangu ilipakwa hivyohivyo kwenye gereji moja, wiki ya pili oili ikarudi palepale na safari hii ikafika mpaka kwenye breki. Silikoni haishiki kwenye oili hata siku moja. Naongelea hizi ekseli za Toyota kama za Hilux na Hiace ambazo kichwa cha difu, yaani kipande kinachobeba gia, kinatolewa kwa mbele, zile zenye mfuniko nyuma kazi yake ni nyepesi zaidi ila usafi ni uleule.

Kwanza jua inatokea wapi. Osha ekseli nzima kwa brashi na dizeli, malizia na sabuni, ikauke, tembea kama kilomita 20 afu uingie chini na tochi. Upepo unasukuma oili kwenda nyuma kwa hiyo palipolowa sana sipo panapovuja, tafuta unyevu wa juu kabisa na wa mbele kabisa. Ukiwa pale propela shafti inapoingia, ni sili (raba ya kuzuia oili) ya pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela shafti. Ukizunguka kwenye maungio ya kichwa cha difu, ni gasketi. Tairi likilowa kwa upande wa ndani inaweza kuwa sili ya ekseli au silinda ya breki, hapo nusa tu, oili ya gia ni nzito na inanuka kama kiberiti, ya breki ni nyepesi kama maji.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka, briza. Ni kile kikofia kidogo juu ya ekseli ambacho difu inapumulia. Oili ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, briza ikiwa imeziba kwa tope (na kwa barabara zetu za vumbi inaziba kweli) hewa inatafuta pa kutokea na inatokea kwenye sili, utabadilisha sili kila baada ya miezi na utawalaumu wauza spea bure. Kishike kwa vidole, kinatakiwa kizunguke na kicheze juu chini. Kikiwa kigumu kifungue, kiloweke kwenye petroli, kipulize, kikigoma nunua kingine, ni hela ndogo. Angalia na kiwango pia, oili iliyozidi nayo inavuja.

Kama ni gasketi ndo kazi yenyewe. Gari ikae kwenye stendi imara, usiingie chini ikiwa kwenye jeki peke yake, tafadhali. Fungua nati ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia maana ukishamwaga afu ya juu ikagoma kufunguka gari limelala hapo. Fungua propela shafti ukiwa umeweka alama pande zote mbili ili irudi ilivyokuwa. Afu mabomba ya breki na nyaya za hendibreki, nati nne za kila upande, vuta shafti za ekseli zote mbili taratibu bila kuzilaza juu ya sili maana meno yake yanaichana. Hapo ndo unafungua nati za kuzunguka kichwa cha difu, nyingi ni spana 12. Kichwa chenyewe kinavuka kilo 30, muwe wawili au uwe na jeki ya magurudumu.

Hapa usiwe na haraka. Kwangua gasketi ya zamani yote bila kuchimba chuma, futa na tambara lenye petroli mpaka tambara litoke jeupe, pande zote mbili pamoja na mashimo ya boliti. Oili iliyobaki ndani ya ekseli ina tabia ya kuchuruzika taratibu na kulowesha sehemu ya chini wakati we unaandaa silikoni, ikaushe yote kwanza. Paka mstari mmoja mwembamba wa silikoni kama milimita 3 usiokatika, upite upande wa ndani wa kila tundu. Ukipaka nyingi inabinyika kwenda ndani, inakatika na kuzunguka na oili. Rudisha kichwa kabla silikoni haijashika ngozi, kaza nati kwa kupishanisha na usizivunje kwa nguvu, ni ndogo. Acha ilale mpaka kesho ndo ujaze.

Sili ya pinioni naomba uiheshimu. Difu nyingi zina spesa ya kubonyea ndani (kibomba kinachobonyea nati ikikazwa), ukikaza ile nati kubwa kupita kiasi beringi zinabanwa, difu inaanza kulia. Piga alama kwenye nati na shafti kabla ya kufungua, hesabu mizunguko, urudi kwenye alama ileile na kuzidi kidogo mno. Pitisha kucha kwenye flanji (kile kipande propela shafti inapofungwa) pale sili inapokaa, ukisikia mfereji ujue sili mpya nayo itavuja, iingize mbele kidogo ili mdomo ushike sehemu ambayo haijalika. Paka grisi mdomoni.

Kama oili ilifika kwenye breki, brek shuu zilizolowa badilisha, pande zote mbili, usizioshe na petroli ukarudisha, siku ya mvua gari itavuta upande mmoja. Na toa upepo kwenye breki vizuri maana ulifungua mabomba.

Jaza oili ya gia 80W-90 ya GL-5 mpaka ianze kuchungulia kwenye tundu la juu gari ikiwa imenyooka, funga nati ikiwa na washa (ringi ya chini ya nati) mpya. Tembea siku mbili, ingia chini na karatasi nyeupe, pangusa maungio yote na chini ya flanji. Karatasi ikitoka kavu, rudi kwenye safari zako.